Mfarishi Huu Umeshonwa na Verdie Sizemore

Mwaka umetimia, dada Verdie, tangu asubuhi ile ya Aprili ulipotutoka. Kiti chako cha dirishani kipo palepale. Mgeni akitaka kukikalia, mumeo Hobart humwambia, "Samahani, kina mwenyewe."

Tunaukumbuka mkate wako wa mahindi, ulioupeleka kila nyumba iliyofiwa hapa Caney Fork, hata kwa watu ambao mlikuwa hamsemeshani. "Nimenuniana na yeye," ulisema, "sijanuniana na tumbo lake."

Na vitambaa! Wengine hupenda waimbaji. Wewe ulimpenda mbunifu wa vitambaa, Odalys Brandt: maua makubwa kama kabichi, zambarau juu ya chungwa, kijani cha kupiga kelele. Kila mara ulinunua nusu yadi, ukaikunja, ukaiweka kabatini, usiikate. Miaka kumi na mmoja. Washonaji wote wa mifarishi ya viraka wana ugonjwa huo, ila wako ulikuwa sugu.

"Hivyo vitambaa unavifuga?" kaka yako Delmer alikuchokoza.

"Nyamaza wewe. Bado tunazoeana."

Kisha wenye kampuni ya makaa ya mawe wakaukata mlima wetu kichwa ili kuyachimba, wakachukua chao, wakaondoka. Wiki hiyohiyo ukashika mkasi. "Wao wamekata mlima bila kusita," ulisema, "mimi niogope kukata pamba?" Ukaushona mlima mzima kwenye mfarishi kama ulivyokuwa, kilele juu, misitu yote ya vuli, majani yanapogeuka rangi, ikiwa maua ya Odalys. Bibi kizee mmoja kanisani aliunyooshea kidole akasema, "Nyumba yetu ilikuwa pale," akalia.

Oktoba iliyopita maktaba ya wilaya iliutundika kwenye maonyesho. Tulikwenda tumevaa nguo za Jumapili. Kadi iliyokuwa chini yake ilisema: Vitambaa ni vya Odalys Brandt. Mshonaji hajulikani.

Hajulikani!

"Mama Creech," Delmer alimwambia msimamizi, na ukumbi mzima ukasikia, "matanga ya mama yako ulikula mkate wa nani?"

"Wa Verdie. Lakini Bwana Delmer, nyuma hapana jina ila la Odalys, limechapwa kwenye kitambaa. Nami niliuletewa na kanisa pamoja na mingine, sikuambiwa umetoka kwa nani."

Alisema kweli, na hapo tuna ugomvi na wewe, dada. Tulikusihi ushone jina lako, ukajibu, "Anayenijua anaujua mkono wangu." Bibi yetu alisema hivyohivyo. Mwaka 1968 mchuuzi akaja na gari, akaibeba mifarishi yake kwa bei ya chumvi, na leo inaning'inia kwenye kuta za matajiri mijini kama iliyojishona yenyewe. Hatukuwa tayari kunyang'anywa mara ya pili.

Hobart, ambaye hajawahi kushona hata kifungo, aliomba sindano na uzi, akapiga magoti nyuma ya mfarishi wako mbele za watu, akalishona jina lako. Alijichoma mara tatu. Herufi zimepinda kama meno ya msumeno mbovu, lakini zinasomeka. Mama Creech aliichana kadi yake, akaketi kuandika nyingine, akauliza, "Sizemore inaandikwaje?" Tukamtajia herufi moja moja, sote kwa pamoja, kwa sauti.

Tunaokukumbuka: mumeo Hobart, binti yenu Tansy, kaka yako Delmer na ukoo wote wa Sizemore. Moyoni hutoki, Verdie, na mwenye mfarishi wako kitandani tunamwomba leo aupindue, aliandike jina lako.