Maksai Mwekundu Bado Anasikika

Bweni la Wasichana,
Chuoni.

Kwa Kaka Daniel,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeshiba, na shuka lako jipya halijaingia vumbi. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila masikio yamechoka kwa kelele za watu wanaojiita wasomi. Mfikishie Baba shikamoo yangu, na Mama pia, uwaambie nimesikia mvua zimechelewa na ninawaombea malisho. Barua hii nimempa Mwalimu Magdalena, aliyekuwa huku kwenye semina na sasa anarudi Mikumi. Kukupigia simu sitaki, maana wewe ukipokea unaweka spika, na boma zima linakaa kunisikiliza kama taarifa ya habari.

Mara ya mwisho ulinicheka, ukasema mtu wa kutengeneza redio hahitaji chuo kikuu, kwa kuwa hata pale stendi ya Mikumi yupo fundi anayefanya kazi hiyo chini ya mwavuli. Ngoja nikueleze polepole, kama unavyostahili. Ninasomea kubuni saketi za masafa ya redio zinazokaa ndani ya chipu ndogo kuliko kupe. Katika mradi wetu, sehemu yangu ni kile kikuza mawimbi cha kwanza kwenye kipokezi. Kazi yake ni kusikia mnong'ono unaotoka mbali na kuukuza bila kuongeza kelele zake mwenyewe. Sifa hiyo bado sijaiona kwa binadamu yeyote hapa chuoni.

Yupo mwenzangu anaitwa Nickson. Siku ya kwanza aliniuliza kama sisi Wamaasai tunajua umeme. Yeye huchora koili zake, vile vinyaya vya kujizungusha ndani ya chipu, kwenye kompyuta kwa rangi za kupendeza, na programu ikigoma anakaribia kulia. Msimamizi wetu, Dokta Onesphory, hulichukua jambo jepesi akalifanya gumu mpaka yeye mwenyewe akapotea humo humo. Ng'ombe wa Baba anawaita "mazingira ya majaribio". Chipu zetu ziliporudi kutoka kiwanda cha ng'ambo zilikotengenezwa, alipiga picha na boksi kabla hajauliza kama zinafanya kazi. Chipu ya Nickson ilikuwa kimya kabisa. Yangu ilisikia.

Ndipo tukaja huko nyumbani kuwavisha ng'ombe hereni za redio, kila moja ikituma namba yake, ili mwenye mifugo ajue walipo hata wakivuka kuingia hifadhini au kwenye mashamba ya watu. Unaikumbuka siku ile, maana hukukosa picha hata moja. Ulikuwa ukimfafanulia Baba mambo usiyoyajua, na Baba wa watu anaitikia. Uliponiuliza hereni zinasikika hadi wapi, nilikujibu kwamba vipokezi vyenye chipu yangu ni viwili, kimoja kilimani juu ya boma letu na kingine Ruaha, ule mji wa mashamba ya miwa, na kila kimoja kinasikia mbali. Ukacheka mbele ya wageni. Ukasema redio ya maana yenyewe inakata bondeni, sembuse kidude cha mdogo wako. Nikaendelea kufunga hereni, kwa sababu wewe ni mkubwa wangu, na ndivyo nilivyolelewa.

Baadaye nikaletewa habari za maksai mwekundu, yule mwenye baka jeupe begani anayependwa na Baba. Nikaambiwa ulirudi na kengele yake ikiwa na damu, ukasema simba wa hifadhini amemchukua wakati Yared amelala. Yared, shemeji yetu, ambaye kwa miaka yote amechunga ng'ombe wa Baba pamoja na wa kwake na hajawahi kupoteza hata ndama! Baba akamfukuza na kumrudisha dada yetu Naipanoi nyumbani na watoto. Sasa nasikia wewe ndiye unayesema ndoa hiyo imekwisha, na kwamba tayari yupo mtu mwenye ng'ombe wengi anayemuulizia. Naipanoi alinipigia simu akalia mpaka sauti ikamkauka. Nami nililia, kaka, sikufichi.

Nikiwa katika hali hiyo, nikawa napitia yale yaliyosikiwa na vipokezi vyetu. Namba ya hereni ya maksai mwekundu ilikuwamo. Haikutoka upande wa hifadhi, ilitoka Ruaha, tena kila asubuhi. Nilimpelekea Dokta Onesphory. Akasema aliyeliwa na simba hawezi kutuma mawimbi, kwa hiyo chipu yangu inasikia kelele zake yenyewe, na akaniagiza niifute namba ile na kuandika kwamba kikuza mawimbi changu kina kasoro. Nickson akazusha kwamba chipu yangu inasikia mizimu. Darasa zima likacheka, hata wale ambao chipu zao hazisikii chochote. Kama ningekubali, kazi yangu ingekataliwa na mwaka ningerudia. Niliwachukia wote.

Basi nikapanda gari nikaenda Ruaha, na nilichukua kipokezi kidogo cha mkononi. Kusema kweli sikwenda kwa ajili yako, wala kwa ajili ya Yared. Nilikwenda kuitetea chipu yangu.

Kaka, nimemwona. Yuko kwa mzee mmoja anaitwa Gabrieli, anafundishwa kuvuta mkokoteni. Sikio moja lina mkato wa ukoo wetu, jingine lina hereni yangu, na baka lake jeupe liko pale pale. Nilipomwita kwa mluzi wa Baba aligeuka. Mzee Gabrieli alinikaribisha vizuri, akanieleza kwamba alimnunua kwa kijana mwenye shuka jipya, na kijana huyo alimsihi asiitoe ile hereni, kwa kuwa ni uthibitisho kwamba ng'ombe amechanjwa na wataalamu wa chuo kikuu. Anakusalimu sana, anasema una maneno mazuri.

Nimekuwa nikijiuliza ni nani ninayemdharau zaidi kati yenu. Nickson ni mtupu, Dokta Onesphory amejaa upepo, lakini hao hawajawahi kula kwa Yared. Wewe umekula kwake. Umemdanganya Baba kwa damu uliyoipaka kengele, bila shaka ya mbuzi, umevunja nyumba ya dada yako, na hiyo pikipiki mpya niliyosikia unaendesha, unayosema ni ya rafiki, inatembea juu ya machozi ya Naipanoi. Kisha, kwa uvivu wako, hereni uliyoicheka ukaigeuza sifa ya kumuuzia mtu ng'ombe. Hata wizi, kaka, umekushinda.

Dokta Onesphory nilimwonyesha picha ya maksai akiwa amesimama na mwenye mali mpya. Hapo hapo akasema yeye tangu mwanzo aliiamini chipu ile. Sasa anaisimulia kwa wageni kana kwamba ndiye aliyekwenda Ruaha.

Nisalimie Mama, na Naipanoi mwambie aanze kufungasha vyombo vyake, watoto wamrudie baba yao. Shemeji Yared ukionana naye usimsalimie kwa niaba yangu, nitamsalimu mwenyewe nikifunga chuo. Na ile shikamoo ya Baba usihangaike kuifikisha. Nilimwomba Mwalimu Magdalena apite kwake kwanza, wewe ukiwa malishoni, amsomee barua hii yote, ndipo akukabidhi wewe. Baba ameshaipokea.

Ni mimi mdogo wako,
Seleina.