Matone Meusi Kwenye Mchuzi wa Migebuka

Ujiji, Jumatano. Mawingu tangu alfajiri, ziwa limechafuka, na roho yangu vilevile.

Leo nimeitwa mchawi jikoni kwangu.

Kaka yangu Saidi anafanya kazi na Wachina kwenye reli mpya ya kwenda Zambia. Alipokuja likizo alinipa chupa ya sosi yao ya soya, nyeusi tii, karatasi yake imejaa maandishi tusiyoyajua. Mafuta yameadimika duka la ushirika, na mchuzi wangu ulikuwa umepooza. Nikatia vijiko viwili kwenye migebuka, samaki wa ziwa letu, na nyanya. Loo! Utamu ukakolea kama supu ya mifupa iliyochemka kutwa. Hamisi, mume wangu, akalamba vidole, na tangu hapo akawa anarudi mapema kutoka mwaloni Katonga, wanakoshushia samaki.

Nami nikanyamaza. Chupa nikaificha kwenye debe la unga. Nakiri, nilitaka sifa ziwe zangu peke yangu.

Mchana huu mama mkwe aliingia bila hodi, akanikuta nadondosha sosi chunguni. Aliibeba chupa hadi barazani, akakaa kumsubiri mwanawe. Hamisi alipofika tu, akamwinulia chupa.

"Limbwata hilo, Hamisi. Unalishwa dawa ya mapenzi kila siku, mwanangu."

Nilieleza habari za soya, lakini Saidi kesharudi kazini, nani wa kunishuhudia? Nikamimina kijiko kizima, nikanywa mbele yao. Chumvi ilinikereketa koo mpaka machozi.

"Kama ni kiungo, ulikificha cha nini?" akauliza mama mkwe.

Hapo ndipo penye kosa langu, na ninalijua.

Nikamtazama Hamisi anitetee. Akainama. "Hata mimi, Mama, nimejiuliza kwa nini siku hizi nawahi nyumbani."

Miaka sita ya ndoa!

Amekwenda kula kwa mama yake. Mimi na wanangu tumekula migebuka yetu. Nimeumia, na nina hasira.

Kesho nitabeba samaki, jiko na chupa hadi uani kwa mama mkwe. Nitamwomba radhi kwa kuficha, kisha nipike mchana kweupe, sosi aimimine kwa mkono wake. Aonje, aamue.

Hamisi naye nitamuuliza swali moja tu, mama yake akisikia. Kabla ya chupa hii, alikuwa akichelewa wapi?