Sufuria Moja Kule Burma

Alhamisi, Juni 1958

Salum mume wangu,

Leo kaka yangu Sudi amenikera. Mguu mmoja aliuacha Burma, wewe alikuzika kulekule, lakini bado anasema, "Wakiniita vitani kesho, nnakwenda."

Nikamuuliza, "Vita vilivyonifanya mjane, unavitamania nini?"

Akasema, "Mdogo wangu, kule tulikula sufuria moja, Mmakonde, Mngazija na mimi, na Salum akitumalizia nyama. Hapa Mlandege majirani hawaji hata mazikoni kwetu, eti vyama vya siasa mbalimbali."

Hasira ikanitoka. Hatamani vita, anawatamani wenziwe. Nahofu vijana wetu nao watafuata vita kwa upweke huohuo.

Nikapakua wali, nikala naye. Tulikutaja mpaka tukafika ukoko.

Nikumbuke, Salum, huko uliko.