Turbo ya Heshima

Jumapili, 6 Oktoba

Imeamuliwa. Gari la Babu linawekewa injini ya kisasa, ya turbo. Ameamua nani? Nilikuwa pale mezani tangu mwanzo hadi mwisho, nikimenya matufaha, na bado sijui.

Ilikuwa hivi. Bwana Igarashi, fundi wetu, alikuja kuangalia oili inayovuja. Gari lenyewe ni dogo, jeupe, la milango miwili, na taa zake za mbele zikiwashwa huchomoza kwenye boneti kama macho ya chura, zikizimwa huzama ndani. Babu alilinunua Baba akiwa shule ya msingi. Siku hizi mara nyingi Baba ndiye anayeliendesha, Babu analiosha. Bwana Igarashi akasema amepata gari jipya lililogongwa nyuma, injini yake nzima kabisa. Ikiingia humu, mlima wote mnaupanda bila kushusha gia!

Babu akasema hilo nalo ni jambo la kufurahisha. Baba akasema kama Mzee anafurahi, yeye hana neno. Babu akasema kama Yasuhiro, yaani Baba, hana neno, basi. Mama akaongeza chai.

Kwisha. Nchi zimeingia vitani kwa mazungumzo marefu zaidi ya hayo.

Jumatano, 9 Oktoba

Baba amenipeleka shule kwa gari hilo. Vioo chini, baridi tupu, pua yangu imekufa ganzi. Nilidhani anataka hewa. Kwenye kona ya mashamba ya matufaha akabadilisha gia, injini ikanguruma — na yeye akatabasamu peke yake.

Akaniambia kwamba alipokuwa mtoto, akisikia mngurumo huo kwenye kona ile, alijua amebakiwa na muda wa kuzima televisheni na kufungua kitabu cha hesabu kabla Babu hajaingia. Hajawahi kukamatwa. Injini haikuwahi kumsaliti. Angekuwa peke yake, asingeibadilisha hata ingevuja ndoo nzima. Lakini Babu magoti yamechoka, karibu ataacha kuendesha, na ana hamu ya kupanda mlima kwa kasi walau mara moja. Nani amnyime?

"Usimwambie," akasema. "Atajiona mzigo."

Nikaahidi. Kuahidi nakuweza sana. Hakuhitaji maneno mengi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Injini ya zamani imetolewa. Ilining'inia kwenye winchi ikidondosha oili, imeinama kidogo, kama mtu anayeaga mlangoni. Nilikuwa nimekaa juu ya tairi na riwaya yangu. Bwana Igarashi akaniuliza kama nimeshamaliza vitabu vyote vya mji huu au aniazime maandishi ya makopo ya oili. Nikacheka kwa heshima. (Nilikuwa nimeshayasoma.)

Babu akaifuta injini kwa taulo lake mwenyewe, la shingoni. Mama atamwua.

Tukarudi naye kwa miguu, polepole kwa sababu ya magoti. Kwenye kona ileile akasimama. Akasema Bibi, enzi za uhai wake, alikuwa akisikia gari hapa ndipo anatumbukiza tambi kwenye maji. Yeye Babu akifika mlangoni, bakuli liko mezani. Tangu Bibi afariki, kila akisikia gari linarudi, kwa sekunde moja tumbo lake bado linasubiri tambi. Angependa liendelee hivyo mpaka atakapokufa. Lakini Yasuhiro bado kijana — Baba ana miaka arobaini na minne! — anafanya kazi kama punda, hajawahi kuomba kitu. Akitaka turbo, apate turbo.

"Usimwambie baba yako," akasema. "Ataacha kwa ajili yangu, halafu atasikitika kimoyomoyo."

Nikaahidi tena.

Kwa hiyo sasa mimi ndiye mtu pekee nyumbani anayejua kwamba hakuna mtu nyumbani anayeitaka injini hii. Ukweli wote ninao mimi. Mimi, nisiyefungua kinywa mbele ya watu!

Alhamisi, 17 Oktoba

Somo la lugha. Mwalimu Nagase aliuliza: je, ni sahihi kuvunja ahadi kwa faida ya yule uliyemwahidi? Nilikuwa na maoni ya kujaza kurasa. Alipofika kwangu nikasema naungana na aliyetangulia. Aliyetangulia alikuwa ameungana na aliyemtangulia yeye.

Jumapili, 20 Oktoba

Injini mpya imeingia. Karibu iingie. Ni ndefu kwenda juu, boneti haifungiki, itabidi itobolewe. Bomba la turbo limepita mahali pa taa ya kushoto, kwa hiyo taa ya kulia inazama vizuri na ya kushoto inabaki wima. Gari linakonyeza. Linamkonyeza kila mtu, hata polisi aliyepita kwa baiskeli.

Bwana Igarashi akaliwasha. Tukasubiri mngurumo. Ikatoka sauti kama ya friji yenye adabu. Akaeleza bila aibu kwamba injini za siku hizi ziko kimya mno, hivyo kiwandani huliwekea gari spika ndani, iigize mngurumo. Spika anayo. Aifunge?

Nilimtazama Baba. Baba alimtazama Babu. Babu aliitazama spika, yenye ukubwa wa kisahani cha mchuzi wa soya.

"Sauti nzuri," Babu akasema.

"Nzuri sana," Baba akasema.

Wakasaidiana kuishika spika wakati inafungwa, mmoja huku, mmoja kule.

Jumatano, 23 Oktoba

Mambo yamekuwa mabaya. Bwana Igarashi ana rafiki huko mjini Matsumoto mwenye gari kama letu. Anaitaka injini ya zamani. Si ya kuendeshea — ataifungua yote na kuchukua vipuri. Jumamosi lori linakuja. Babu akasema Yasuhiro aamue. Baba akasema Mzee aamue. Wote wakainamiana vichwa, na hapo ikahesabika kwamba wamekubali.

Baba akapendekeza tuiage rasmi. Kila Februari Mama huzipeleka hekaluni sindano zake za kushonea zilizovunjika, kuziaga kama ilivyo desturi, injini haiwezi kukosa. Babu akasema ni wazo zuri. Kwa hilo peke yake nadhani walikubaliana kweli.

Ikishafunguliwa haitarudi. Nimejaribu kusema wakati wa chakula cha jioni. Nilifungua kinywa. Mama akanipa figili.

Jumamosi, 26 Oktoba

Naandika huku nikitazama dirishani. 

Kuhani wa hekaluni alikuja asubuhi na fimbo yake ya kutakasia, yenye vipande vya karatasi nyeupe. Injini iliwekwa uani juu ya mbao, imeoshwa mpaka inang'aa. Akaipungia fimbo, akasoma maneno yake. Kisha kila mmoja wetu asogee, amimine pombe ya mchele kidogo, aseme neno la kuaga. Babu akasema, "Umefanya kazi. Pole na uchovu." Baba akasema hayohayo, kwa sauti ileile, wakaonekana kama mtu mmoja na kioo chake. Bwana Igarashi akapiga chafya.

Zamu yangu. Nilikuwa nimeahidi kutowaambia wao. Injini sikuwahi kuiahidi kitu. Nikainama, nikaiambia:

"Samahani. Baba hataki uondoke. Babu hataki uondoke. Kila mmoja anadhani anamfurahisha mwenzake."

 Nilisikia pombe ikidondoka kwenye mbao.

Kisha kuhani akasema ni maneno mazuri sana, yenye hisia, na kwamba vijana wa siku hizi ni nadra kuandika namna hiyo. Mama akasema napenda sana kusoma. Bwana Igarashi akapangusa macho na kuuliza nimeyatoa kitabu gani. Baba na Babu walikuwa wanatazama viatu vyao. Nikakimbilia ndani.

Mara ya kwanza maishani mwangu kusema ninachofikiri mbele ya watu, nimepewa sifa za uandishi.

Lori limefika. Dereva ameshuka, anawasalimia wote, kofia mkononi. Babu amekaa juu ya injini. Amesema anapumzisha magoti kidogo tu. Dereva amesema bila shaka, Mzee, hakuna haraka. Huo ni muda sasa. Baba ameingia ndani mbio, nikadhani ananijia mimi. Amechukua mto wa kukalia, akatoka, akamwekea Babu. Amerudi. Amechukua mto wa pili. Huo ameuweka pembeni ya Babu, akaukalia yeye.

 Wanaangalia mlima. Dereva anaangalia saa, anatabasamu, anakubali tufaha. Bwana Igarashi ameegemea gari, nalo linamkonyeza.

Mama amepita nyuma yangu kwenda jikoni. Hakuniuliza chochote. Nasikia anajaza maji kwenye sufuria — ile kubwa, ya tambi.