Mwanamke wa Kila Ijumaa

3 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo huko? Sisi wazima, ila mimi roho inaniunguza. Shemeji yako kila Ijumaa, akishafunga karakana, anamtumia pesa mwanamke. Jina nimeliona kwenye simu yake kabla hajaninyang'anya. Jina lenyewe la mtu wa kujipulizia manukato! Mimi hapa nashona sare za watoto wa watu mpaka vidole vinakufa ganzi, mwenzangu anatumiwa tu.

Redioni wamesema sheria mpya inawaruhusu nyie wa kodi kufungua akaunti ya mtu yeyote bila kumuuliza. Nifungulie ya mume wangu. Chungulia tu.

Dada yako

9 Machi

Dada,

Shikamoo. Cherehani inaendeleaje, na mgongo? Hilo la akaunti siwezi. Ni kweli siku hizi tunaona kila kitu, hata mimi mwenyewe naogopa simu yangu. Lakini si kwa ajili ya kuchungulia waume. Muulize mwenyewe.

Mdogo wako

12 Machi

Wewe,

Salamu baadaye. Nimuulize ili anidanganye? Kwako rahisi, huna mume wa kuibiwa! Mgongo unaoulizia ndio uliokubeba. Kama hutaki, usiniite dada tena.

20 Machi

Dada,

Shikamoo, na usiniwekee kinyongo. Nimefungua. Yule mama anauza vyuma; shemeji anachukua kwa mkopo, analipa kila Ijumaa. Hakuna kimada. Lala usingizi.

Ila kompyuta haifungui akaunti mpaka uandike sababu. Ningeandika wivu wa dada? Niliandika anashukiwa kukwepa kodi. Nadhani yataishia hapo.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

U mzima? Mbona kimya? Walikuja wawili wa ofisini kwenu, wapole kabisa. Walijumlisha kila pesa iliyopita kwenye simu yake, hata michango ya mazishi ya baba, wakasema yote ni mapato aliyoficha. Karakana ina kufuli lao.

Kila jioni ananiuliza ni nani kamchongea. Namwambia ni majirani, wana wivu. Jana alikataa kumsalimia fundi viatu wa jirani, rafiki yake wa miaka yote. Mzee wa watu akanitazama mimi. Nikainamia cherehani.

Usije kwanza. Anakungoja kwa hamu, anasema wewe ndiye utakayemtafutia jina la huyo mtu.

Dada yako