Goti Langu Limefika Gare

Lushoto, Jumanne. Ukungu tangu alfajiri, na moyo nao haujafunguka.

Ninautangazia umma, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba leo saa nne na nusu asubuhi goti langu la kulia (au la kushoto, taarifa zinatofautiana) limepanda kilima cha Gare bila kusaidiwa na mtu. Ndugu, jamaa na wanafunzi wangu wa zamani wa Jiografia popote walipo wajulishwe. Hakutakuwa na sherehe.

Niko likizo, ya kwanza tangu mke wangu, Mama Rehema, aniache na kwenda kwa Mungu wake. Wenzangu wakipata likizo huenda kuogelea. Mimi natembelea makanisa ya zamani. Orodha si yangu, ni yake. Aliiandika nyuma ya daftari la maandalio ya masomo, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia: kanisa gani lina madirisha ya rangi, lipi lina sanamu, lipi lina dari la mbao. Alifundisha shule ya msingi, na ng'ombe aliowachora ubaoni walifanana na ng'ombe. Wangu walitoka kama ramani.

Koti langu nimelisahau Tanga. Sweta lake sikulisahau. Kwa hiyo nimezunguka Usambara na sweta la kijani, la kike, linaloishia juu ya kitovu. Lina vifungo vyeupe vitano na kimoja cha kahawia, alichokitoa kwenye suruali yangu moja iliyochakaa. Mhudumu wa gesti nimemwambia ndio mtindo wa mjini. Amenihurumia.

Kanisa la Gare lina kuta nene, na baridi imetulia humo ndani kama maji mtungini. Sisi Walutheri tumezoea kuta zisizo na maneno mengi. Hapa kila ukuta una lake la kusema: Njia ya Msalaba imelizunguka kanisa, kituo baada ya kituo, na dirisha linamwaga wekundu na buluu sakafuni. Nilisimama kwenye kituo cha nne, pale Yesu anapokutana na mama yake, nikajaribu kutazama kwa macho ya Mama Rehema. Sikuweza. Nikaketi benchi la karibu.

"Baba, hapo umekaa kwa kina mama!"

Alikuwa bibi mmoja aliyekuwa akipanga maua altareni. Akanieleza kwamba wao watu wa zamani wana pande zao: wanawake kushoto, wanaume kulia, iwe misa au isiwe misa. Nikasimama kama mwanafunzi, nikampa shikamoo yake.

"Marahaba. Hata si wewe wa kwanza. Kuna mama alikuja mwaka juzi, akakaa kule kwenu." Akanisogelea, macho yakiwa kwenye kifungo cha kahawia. "Mbona sweta hili nalijua?"

Alikuwa mama mwembamba, alisema, amefunga kilemba. Alivua sweta huku anatetemeka, akalitandika kwenye benchi la wanaume, akakaa pembeni yake. Bibi alipomwambia ahame, akajibu kwamba anamshikia mumewe nafasi. Mume yuko njiani, anapanda taratibu, goti linamsumbua. Akakaa tangu saa tisa mpaka kengele ya jioni. Bibi mwenyewe alitoka mlangoni mara mbili kunichungulia.

"Kumbe ndiye wewe wa goti! Pole, mwanangu. Limepona? Na mwenzio umemwacha wapi?"

Nikasema limepona.

Bibi akalitazama tena lile sweta lilivyonibana, akakishika kifungo. Kisha akanionyesha upande wa pili.

"Nenda ukakae. Nafasi yako ile pale."

Nilikaa.

Sasa niseme ukweli, maana hapa sina wa kumdanganya. Goti langu halijawahi kuuma. Siku ile, mwaka juzi tulipokuja wote Lushoto, kulikuwa na mechi. Nilimwambia atangulie na bodaboda, ningemfuata goti likitulia. Dawa zilikuwa zimeshamnyonyoa nywele, na sote wawili tulijua kwamba hatapona. Nimewahi kujiambia kwamba niliogopa kumwona akiomba. Huko ni kujipamba. Nilitaka mpira. Nilikaa mbele ya televisheni ya gesti na sahani ya chipsi, na timu yangu ikafungwa.

Alirudi giza likiingia, amelowa mvua. Hakuniuliza kwa nini sikwenda. Alisema kanisa ni zuri, kuna dirisha moja nitalipenda. Akatoa kichupa cha mafuta ya mkaratusi alichonunua njiani, akapiga magoti sakafuni mbele yangu.

"Ni lipi vile?"

Nikaonyesha la kulia. Mchana nilikuwa nimemwambia la kushoto.

Alinitazama kidogo tu. Kisha akayakanda yote mawili.