Hogar na kaa la jirani

Gatsata, Alhamisi

Nilimjibu vizuri mno, na hilo ndilo linaloniudhi.

Mjukuu wangu Keza anajifunza Kihispania. Mwezi ujao anakwenda Hispania kusoma. Leo jikoni aliniuliza, "Sogokuru, ‘nyumbani’ wao wanaita hogar. Neno hilo limetoka wapi?"

Nikaeleza kama niko darasani. Asili yake ni Kilatini, focus, mahali pa kuwashia moto ndani ya nyumba. Ndugu zake ni fuego, yaani moto kwa Kihispania hicho hicho, na foyer ya Kifaransa.

"Basi kwetu ni hili jiko la gesi!" Akacheka. "Na wewe, mzee wa vitabu, kwenu ni wapi?"

Nikakumbuka utoto wangu. Tulipofika Karagwe, ng'ambo ya mpaka, tukiwa wakimbizi, mama alikwenda kwa jirani kuomba kaa la moto, kama ilivyokuwa desturi yetu Rwanda. Chungu kilipochemka tukawa na kwetu. Tukakaa huko hadi nikaota mvi. Mafiga tuliyoyaacha huku Rwanda sikuyaona tena, hata niliporudi.

Sasa naogopa. Siogopi kwamba Keza atapotea Hispania. Naogopa atapata jirani mwema, naye atampa kaa la moto.